Daktari wa Kongosho na Maziwa ya Mfungo

Daktari Yeshimebet alikuwa mtu wa swali moja, na swali hilo lilimla miaka kumi na miwili. Wakulima wa milima inayouzunguka mji wa Gondar waliugua kisukari wakiwa wembamba, mbavu nje, wala hawakufanana na wagonjwa wa vitabuni. Je, kongosho lao, kile kiungo cha nyuma ya tumbo kinachotengeneza insulini, lilikuwa limekufa kabisa, au bado lilikuwa na uhai kidogo? Kama lilikuwa hai, wangepunguziwa sindano, maana dozi ya kitabuni ilikuwa ikiwaangusha njiani, sukari imeshuka, nyumbani bado mwendo wa saa tatu. Wenzake walimtania kwa kumwita mke wa kongosho. Alicheka nao, ila ilimuuma, kwa kuwa mume mwingine kweli hakuwahi kumpata.

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Mgonjwa anafika hajatia kitu tumboni, anakunywa kikombe kikubwa cha maziwa, anasubiri saa moja na nusu, kisha anatolewa damu kuona kama kongosho limeamka. Alichagua kiangazi, wakati mashamba hayana kazi. Ndio wakati wa mfungo mkuu wa kanisa lao pia, siku hamsini na tano bila nyama wala maziwa, lakini Yeshimebet hakuwa mjinga. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga. Aliwazungukia mapadri wanaowaungamisha wagonjwa wake, mmoja mmoja, akaomba ruhusa, akapewa. Wagonjwa nao wakaitikia, "Sawa, daktari," kwa adabu zote.

Yakaja majibu ya watu hamsini na mmoja. Kongosho la kila mmoja lilikuwa limelala fofofo. Yeshimebet alijifungia ofisini akalia kama mtoto, kisha akanawa uso na kuanza kuandika ripoti, maana hakuwa mtu wa kuficha majibu asiyoyapenda.

Alibaki mgonjwa mmoja tu, ambaye chupa yake ya damu ilivunjika maabara: Emama Tiruwork, yaani Mama Tiruwork kwa heshima, mjane wa miaka sitini na kitu. Siku aliporudi, nesi Fantahun, ambaye ndiye aligawa vikombe siku zote, alikuwa na mafua, kwa hiyo daktari alimpa kikombe kwa mkono wake, akageuka kutafuta kalamu. Alipogeuka tena, mkono wa Emama ulikuwa nje ya dirisha, na chini paka watatu wanagombania maziwa.

"Emama! Unafanya nini?"

"Nawapa paka, mwanangu." Hakushtuka hata kidogo. "Wameshazoea hawa. Hujaona walivyonenepa?"

"Wamezoea tangu lini?"

"Tangu mfungo uanze."

"Na wenzako?"

"Wenzangu nao. Nani anywe maziwa mfungo huu? Ungekunywa wewe?"

"Lakini padri alikuruhusu!"

"Aliniruhusu. Aliniamuru?"

"Sasa si ungeniambia hapana!"

"Nikukatalie usoni, wewe unayehangaika na mimi hivi? Sikulelewa hivyo."

Fantahun alipoulizwa mbona kila mahali aliandika "amemaliza", naye alikuja juu. Alikuwa akiwapa wagonjwa kisogo wanapokunywa, ndiyo. "Nimkodolee macho mtu mzima akinywa? Waseme nina kijicho?"

Yeshimebet alikasirika. Halafu akajicheka, kicheko cha uchungu, kwa sababu alijua kwamba angekuwa yeye, angewamwagia paka haohao. Akaichana ripoti, maana kongosho haliamshwi na tumbo tupu. Akawaandikia waliogharamia utafiti kwamba amekosea, na kwamba anaomba kuanza upya. Wapo waliomcheka waziwazi, na mmoja akamshauri astaafu mapema.

Safari hii alikoroga beso, unga wa shayiri iliyokaangwa, kwa maji tu. Ni chakula cha mfungo kisicho na ubishi. Alikaa nao, akanywa pamoja nao, na hakuna aliyeona haya kutazamwa na mwenzake wa mezani. Vikombe vilirudi vikavu, na wawili wakaomba kuongezewa.

Majibu yalipofika, Emama Tiruwork ndiye wa kwanza kuitwa ndani.

"Wangapi?" aliuliza kabla hajakaa.

"Thelathini na mmoja, Emama. Kongosho lao liko hai. Tutawapunguzia sindano."

"Na langu?"

Yeshimebet alikuwa ameliogopa swali hili tangu alfajiri. Alimpenda mwanamke huyu, na bila yeye wale thelathini na mmoja wangezikwa ndani ya ripoti ya uongo.

"Lako halikuamka. Sindano zako zitabaki vilevile."

Emama akatengeneza shali lake jeupe mabegani.

"Safari hii nilikunywa chote."

"Najua. Nilikuwa nawe."

"Basi andika hivyohivyo, usinionee huruma."

Akainuka, akatoka hadi barazani walikokuwa wamekaa wenzake, akapiga vigelegele virefu, vya bibi aliyepata mjukuu, na wote wakageuka kumuuliza kuna nini.