Wimbo wa Kambale

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka bado uso unanichoma. Nilikuwa mwalimu mpya hapa Butembo, na dada yangu Kavira alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Tulikusanyika kwake kumpongeza. Koko Masika, shangazi mzee wa baba yetu, alikuwa ametoka Vuhovi. Akampakata mtoto, akaimba ule wimbo mnaoujua wote:

"Lala, Kambale, lala. Mvua iko bado ku mulima, mama iko mu njia na maharagi."

Kisha akasema, "Hii wimbo, ni mama yangu aliitunga."

Nikacheka. Dereva mmoja wa Kasindi, mpakani, alikuwa ameniambia kwamba ng'ambo, Uganda, wanauimba vilevile, ila mtoto wao anaitwa Bwambale. Nikasema mbele ya watu, "Hapana, Koko. Ilitoka Uganda. Mama yako aliisikia tu."

Watu wakacheka nami. Koko akamrudisha mtoto kwa mama yake, akajifunga kitenge, akaondoka bila kumaliza chai.

Baba akanifuata jikoni. "Kahindo, umeshinda nini?"

Nikaanza kuosha vikombe. Akaendelea:

"Ulimi hauna mufupa, lakini unavunja mutu. Kesho uende Vuhovi."

Nilikwenda kwa miguu. Nikamkuta uani, nikapiga magoti. "Koko, unisamehe. Nilikuvunjia heshima."

"Kambale alikuwa mudogo wangu," Koko akasema. "Homa ilimukamata, akafia mu mikono yangu, mama akiwa ku shamba. Aliporudi akamubeba, akamuimbia vile mpaka tulienda kumuzika. Mimi sikusikia hii wimbo kabla ya siku ile. Kama banaiimba na Uganda, ni muzuri. Batoto ya kule balale pia."

Nililia, mwanangu, na yeye ndiye aliyenifuta machozi.

Mpaka leo sijui wimbo ulianzia wapi. Watu wa Kipese wanadai ni wa kwao, wa Beni hawakubali. Kutafuta ukweli sikukatazi, nimefundisha maisha yangu yote. Lakini uliza kwanza, tena polepole. Mtu akikwambia, "Huu ni wa mama yangu," keti karibu naye, umuulize mama huyo alikuwa nani, na alikuwa akimwimbia nani. Ya Uganda yatangoja.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi mpole, mwanangu. Na watoto utakaowabeba, wote waamke wazima.