Ufunguo wa Sanduku la Dorotea

Dorotea namfahamu tangu darasa la nne, siku aliporuka dirishani akiikimbia sindano ya chanjo. Mwaka jana akaenda semina ya huduma ya kwanza, siku tatu, chai na maandazi juu. Tangu hapo, ukipiga chafya hapa Nyegezi anakuuliza imeanza lini.

Kikundi chetu cha kina mama kilipoalikwa harusini Nansio, sanduku la dawa akapanga yeye. Siku nzima yuko kibarazani, wapita njia waone: pamba, bandeji, mkasi, spiriti, glavu, dawa ya kuharisha, kila kitu na mfuko wake. Mwisho akatia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

"Kufuli la nini, mwenzangu?" nikamuuliza.

"Mama Kashindye, hii mali ya kikundi. Nikiwaachia wazi mtapaka spiriti hata mkiumwa na mbu."

Asubuhi tukavaa sare zetu, vitenge vya bluu, tukapanda meli. Sanduku amelipakata kama kitoto kichanga. Kijana mmoja akamwamkia, "Shikamoo daktari." Akaitika marahaba, wala hakumsahihisha.

Katikati ya ziwa, Ng'washi, mdogo kuliko sote kikundini, akateleza ngazini, chuma kikamchana muundi. Damu ikajaa kiatuni. Tukamgeukia Dorotea. Akapapasa pindo la kitenge, la kushoto, la kulia. Khanga yenye ufunguo ilibaki Nyegezi, imetundikwa nyuma ya mlango.

"Tulivunje," nikasema.

"Mali ya kikundi haivunjwi bila kikao."

"Basi kaeni upesi," akasema Ng'washi, "na mimi nisikie muhtasari nikiwa hai."

Nikavua kilemba changu cha sare, nikakichana, nikaufunga ule mguu kwa nguvu mpaka damu ikakata. Semina sijaenda, ila nimelea watoto saba kando ya ziwa.

Zahanati ya Nansio walimshona nyuzi tano. Nesi akauliza nani kafunga vizuri hivi. Dorotea akawahi kujibu: "Kikundi." Kisha nesi akainua sindano ya pepopunda. Nilipogeuka nimwambie Dorotea ampe Ng'washi pole, alikuwa keshatoka nje na sanduku lake. Safari hii alipita mlangoni.

Harusini alisimama kutoa taarifa ya safari. Sanduku, alisema, limefika salama, halina hata mchubuko. Ng'washi akapiga makofi akiwa amekaa.