Saba Mbili kwenye Mstari Mmoja

Kitabu chenyewe kilisahauliwa na wageni. Nina nyumba ya kulala wageni Mikumi, ndogo tu, jirani na barabara kuu, na wanaolala kwangu wengi ni madereva wa malori na mautingo wao. Watalii wanaokuja kuangalia tembo huenda kwenye hoteli zenye bustani. Lakini safari moja wazungu wawili waliharibikiwa na gari, wakalala kwangu, na walipoondoka wakaacha chini ya mto kitabu cha sudoku, zile ngumu, ambazo mtu akikupa unaona kama amekutukana. Nilikiweka kaunta nikitegemea watarudi kukifuata. Hawakurudi. Jumamosi nikampelekea mke wangu Kilosa.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Kilosa ndiko alikozaliwa, kwenye nyumba aliyoijenga baba yake, mtu wa reli. Mimi biashara yangu iko Mikumi. Kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa ya wikendi na ya simu. Watu walituonea huruma bure, maana sisi tulijiona tumepatia. Watoto hatukujaliwa. Aliniita meneja, kwa kunikejeli, kwa sababu nyumba yangu ina vyumba tisa na bafu moja ambalo maji yanatoka yakipenda. Mimi nilimwita mwalimu.

Wanaoijua sudoku waniruhusu niwaeleze wasioijua. Ni mraba wenye vyumba tisa kwenda kulia na tisa kwenda chini, umegawanywa tena katika maboksi tisa. Namba chache zimeshaandikwa. Nyingine unajaza mwenyewe, moja hadi tisa, bila namba kujirudia kwenye mstari wowote, uwe wa kulala au wa kusimama, wala ndani ya boksi. Basi. Zile rahisi zinamalizwa na yeyote mwenye penseli. Ngumu zinafika mahali zinagoma, hakuna chumba kinachokuambia chochote, na hapo ndipo watu wengi huanza kubahatisha.

Kwa mke wangu kubahatisha ilikuwa dhambi. Tulitoa kopi za kila ukurasa, akabaki na zake na mimi nikabaki na zangu, na jioni akimaliza kusahihisha madaftari alinipigia simu. Sheria ilikuwa yake, na ilikuwa moja tu: huandiki namba mpaka umwambie mwenzako sababu, na mwenzako aikubali.

"Nne," nasema. "Mstari wa kulala wa tatu, chumba cha mwisho."

"Sababu?"

"Naona tu inakaa vizuri."

"Meneja, sijakuuliza unaonaje." Na simu inakatwa.

Nyuma ya kitabu kulikuwa na maelezo ya mbinu, kwa Kiingereza, zenye majina ya samaki na mabawa ambayo hayakutuingia akilini. Tukazibatiza wenyewe. Vyumba viwili kwenye mstari mmoja vikibaki na namba zilezile mbili, tuseme tatu na nane, hujui nani atapata ipi, lakini unajua tatu na nane ni zao, na unazifuta kwa wengine wote wa mstari huo. Hao tuliwaita wachumba. Kisha kulikuwa na fremu. Tano, kwa mfano, inabakiwa na nafasi mbili tu kwenye mstari wa kulala wa pili, na nafasi mbili tu kwenye ule wa saba, na nafasi hizo zinakaa juu na chini sawasawa kama pembe nne za fremu ya mlango. Hapo tano lazima ziangukie pembe mbili za mshazari, huku au kule, na kwa vyovyote mistari yote miwili ya kusimama imeshapata tano yake. Tano nyingine zote kwenye mistari hiyo miwili unazifuta. Siku nilipoielewa fremu nilipiga kelele pale kaunta mpaka mama mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani tumevamiwa.

Mshenga aliipenda yeye kuliko zote. Chumba kimoja kina mbili au sita. Huyo ndiye mshenga. Kwenye mstari wake kuna chumba chenye mbili au tisa, na upande mwingine, kwenye mstari wake wa kusimama, kuna chumba chenye sita au tisa. Mshenga akichukua mbili, yule wa kwanza anabaki na tisa. Akichukua sita, yule wa pili anabaki na tisa. Hujui mshenga ataamua nini, lakini tisa haiwaponyoki hao wawili, kwa hiyo chumba chochote kinachokutana na wote wawili kisahau habari ya tisa.

"Hujui nani ataoa," aliniambia, "lakini unajua nani arudi kwao."

Akimpata mshenga alikuwa anacheka peke yake, kicheko kifupi cha puani. Nilikuwa nakisikia kwenye simu kabla hajasema neno, nami najua leo nimeshindwa tena.

Na zilipogoma kabisa tulipaka rangi, kwa kalamu zake za kazini, ya bluu na nyekundu ya kusahihishia. Unachukua namba moja ambayo kwenye mistari kadhaa imebakiwa na nafasi mbilimbili, unafuata mnyororo: huyu bluu, basi mwenzake nyekundu, anayefuata bluu, unaenda hivyo hivyo mpaka bluu mbili zikutane kwenye mstari mmoja. Zikikutana, bluu zote ni za uongo, kuanzia ya kwanza. Kazi ikiisha alichukua hiyo hiyo nyekundu na kuweka alama ya vema juu ya ukurasa, kubwa, kama anavyowawekea watoto wa darasa la tatu. Kopi zangu zilisubiri Jumamosi. Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, nasafiri kwenye vumbi lote lile kwenda kupewa vema, na mtu asingeweza kunizuia.

Nimeeleza yote haya ili ieleweke ilikuwa na maana gani jioni ile aliponitumia picha ya kopi yake, amemaliza kabla yangu kama kawaida, nami nikaikuza kwenye simu na kuona saba mbili kwenye mstari mmoja. Mstari wa kulala wa tano. Hakukuwa hata na haja ya mbinu yoyote kuliona kosa, macho tu yalitosha.

Nilimpigia nikiwa nimesimama. "Mwalimu, hata chekechea wanajua hili."

Nilisikia karatasi ikigeuzwa. Kisha akacheka. "Macho, meneja. Leo nimesahihisha mpaka nimechoka."

Nilifurahi, jamani. Nilimnunulia soda mama mpishi, nikawanunulia na madereva waliokuwa wanakula ugali barazani, wasijue wanasherehekea nini. Kwa siku kadhaa kila nikipokea simu yake nilisema, "Shikamoo, saba mbili," naye akaitika marahaba kwa sauti ya kizee. Uvimbe ulikuwa umeshaanza kumla kichwani na mimi nilikuwa nagawa soda. Sidhani kama nitakuja kulizoea hilo, na wanaoniambia nisingeweza kujua wanasema kweli na hawanisaidii kitu.

Akabadilisha miwani. Akaanza kulalamika kichwa. Jioni moja nilimwambia nimempata mshenga kwenye boksi la katikati, akaniuliza, "Mshenga gani?" Nikadhani ananitania. Nikamjibu, "Aliyekuletea mimi," tukacheka wote wawili, na sasa ndiyo najua kwamba mmoja wetu alicheka ili asiulizwe.

Kisha mwalimu mkuu wake akanipigia. Mke wangu alikuwa amesimama ubaoni na chaki, akashindwa kuandika tarehe. Watoto walikuwa wanamtajia naye anageuka kuwaangalia.

Tulianzia Morogoro, tukaambiwa twende Dar es Salaam, na kwa kuwa treni ya umeme inasimama Kilosa tulipanda hiyo. Alikaa dirishani kwa utulivu kabisa. Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, na daktari, kijana mpole, akatuwekea kwenye kioo na kutuonyesha kwa kidole. Nilimuuliza sababu ni nini. Akasema kwa uvimbe wa aina hii sababu haijulikani, hutokea tu. Nilimkasirikia kijana wa watu kama vile yeye ndiye aliyeuweka. Mimi nilikuwa nakatiwa simu kwa jibu bora kuliko hilo.

Walimpasua, wakatoa walichoweza kutoa. Kilichobaki, walisema, kipo mahali ambapo hawathubutu. Nikamleta Mikumi, nikampa chumba namba moja, cha nyuma, ambako honi za malori hazifiki sana. Mama mpishi alimwogesha na kumsuka. Mkono wa kulia ulikuwa dhaifu, maneno yalikuja na kuondoka, na mara nyingine aliniita kwa jina la kaka yake.

Nikajiwekea sharti la kijinga. Nilijiambia akimpata mshenga mmoja tu, mmoja, peke yake, basi yumo humo ndani na atarudi. Kila alasiri nilimtoa barazani, nikamwekea kopi mapajani, nikamshikisha penseli. Ngumu zilipomshinda nikaleta rahisi. Rahisi zilipomshinda nikaanza kuzijaza mwenyewe nusu, kisha zaidi ya nusu, nikimwachia vyumba vichache. Akikosea nilimfutia. "Hapana, mwalimu, tazama tena." Anatazama. "Tazama tena." Siku moja aliweka kidole kwenye vyumba viwili vyenye nne na moja, akasema, "Wachumba," na walikuwa wachumba kweli. Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia huko, kwa furaha, mpaka nikatoka nimeshampangia tarehe ya kurudi shule, kwenye darasa lake.

Hakusema tena wachumba baada ya hapo. Mimi ndiye niliyekuwa nasema tazama tena.

Alasiri ya mwisho ninayotaka kuieleza haikuwa na jambo lolote. Mvua ilikuwa imepita, barabarani malori yalikuwa yanapandisha kwenda Iringa. Mstari wa juu ulikuwa na saba tayari, nimeiandika mimi kwa wino, kubwa, isiwe na ubishi. Akachukua muda mrefu. Penseli ikatambaa, ikapita vyumba viwili vilivyokuwa wazi kwa namba nyingine, ikaenda kukaa kwenye chumba kilichopakana na ile saba, na pale akaandika, kwa shida, kwa mkono wa mtoto, saba nyingine.

Nilishaanza kunyoosha mkono kuchukua kifutio. Lakini mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukatangulia.

"Sababu?"

Akafikiri. Nilimuona akifikiri, paji lile lile la uso likikunjamana vile vile kama anavyofanya kila anapopiga hesabu ya mnyororo mrefu. Akaweka kidole kwenye saba yangu ya wino.

"Yule yuko peke yake, meneja."

Hakuwa ameniita meneja tangu hospitali.

Kisha akageuza karatasi kidogo kuelekea kwangu na kusubiri, kama wanavyosubiri watoto mezani kwa mwalimu. Nikajua ananiuliza nini. Nilijua vilevile kwamba nikiikubali ile saba nimekubali kila kitu: kwamba hakuna mshenga anayekuja, kwamba hatarudi Kilosa ubaoni, kwamba hizi tazama tena zangu za kila siku zilikuwa zinamchosha yeye na kunifariji mimi. Lakini sheria ilikuwa mwenzako akikupa sababu uipime, na niliipima.

Kalamu nyekundu ilikuwa kwenye mkoba wa miwani yake. Nikaichukua, nikamwekea vema juu ya ukurasa, kubwa. Akaitazama. Akacheka kile kicheko chake cha puani, kifupi, na akasinzia kitini.

Hatukufanya nyingine. Alasiri zilizofuata tulikaa tu, nikimshika mkono ule dhaifu, tukihesabu malori au tusiyahesabu, na nitasema ukweli kwamba zilikuwa nzuri kuliko zote zilizotangulia. Alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Tulimzika Kilosa, karibu na baba yake, na darasa lake lote lilikuja na sare za shule.

Ukurasa ule nimeuweka chini ya kioo cha kaunta. Kitabu bado kina sudoku ambazo hatukuzigusa, na nimejaribu. Nampata mshenga, nampata na fremu, naandika namba na hakuna anayeniuliza, na namba isiyoulizwa haina ladha. Nimekifunga.

Juzi dereva mmoja, kijana anayepeleka mbolea Mbeya, aliinama kaunta akisubiri ufunguo wake. Alikuwa ameshanisalimia vizuri, nikamwitikia. Akautazama ukurasa kwa makini, inaonekana naye hucheza hizi kwenye simu.

"Mzee, samahani. Hapa juu kuna saba mbili kwenye mstari mmoja."

"Naziona."

"Sasa mbona wamekuwekea vema?"

Nilitafuta ufunguo wake kwenye misumari muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikamwambia sababu, kama nilivyoambiwa, kwamba yule wa kwanza alikuwa peke yake.