Mama Enock na Benchi la Kocha

“Mama Enock, mbona unatufundisha wewe lakini hukai kwenye benchi?”

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la sita. Akanituma nikaokote mipira.

Alicheza mpira wa wavu miaka tisa katika timu ya wanawake ya kampuni moja ya madini, akiwa seta, yule anayewainulia wenzake mpira waupige. Timu zote zilipovunjwa, wachezaji wa kiume walipewa kazi ya ulinzi getini, yeye akaambiwa asante. Akarudi Segese kuponda mawe ya dhahabu, na jioni anatufundisha wasichana kwenye kiwanja alichokisawazisha kwa jembe lake mwenyewe.

Lakini mashindano yakifika, benchini anakaa mwalimu. Eti fomu inataka mwalimu! Mama Enock anasimama nyuma ya kamba na wauza karanga.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, tulifika fainali pale uwanja wa Kambarage. Kabla ya kila seti kocha hujaza karatasi ya nani anasimama wapi. Siku zote Mama Enock huiandika, Mwalimu Edward, anayekaa benchini, ananakili. Siku hiyo mwalimu akasema anaiweza. Unajua alifanyaje? Alitupanga kwa alfabeti ya majina, kama daftari la mahudhurio!

Sisi tukasimama tulivyozoea. Mwamuzi akapuliza filimbi: tumesimama vibaya, pointi kwao. Akapuliza tena. Na tena. Wenzetu wa upande wa pili wa wavu wakatuuliza kama tumekuja kuitwa majina. Seti ya kwanza ikaenda. Generosa, kepteni wetu, alikuwa analia waziwazi.

Mwalimu akaenda kwenye kamba, karatasi mkononi, hamtazami mtu usoni. Mama Enock aliijaza akiwa ameiweka juu ya goti. Tukashinda seti mbili zilizobaki.

Medali ya kocha akavishwa Mwalimu Edward. Akaipokea, akapiga na picha. Mama Enock alikuwa anafungua wavu.

Nilimfuata nikiwa na hasira. Nikamuuliza swali lilelile la darasa la sita. Safari hii hakunituma popote. Alikunja wavu mpaka mwisho, akanitwisha.

“Nilikuwa nasubiri waniambie kaa, ng'wanawane, mwanangu. Wakazoea kuniona nimesimama. Mwakani nakaa kwanza, halafu wao ndio watafute maneno ya kuniinua.”