Majani ya Kufungia Vyungu

Juzi sokoni Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, dada mmoja mgeni alinunua chungu, akaondoka nacho kikiwa bado kimezungushiwa majani makavu ya migomba. Muuzaji, mama wa Kikisi aliyevileta vyungu vyake kwa mtumbwi, akamkimbilia.

"Dada, chungu ni chako. Majani naomba."

"Majani haya? Si takataka, mama?"

"Yamezuia vyungu visivunjike. Wakati wa kurudi nayatandikia ndizi zisichubuke. Yakichakaa, nayarudisha kwenye shina la mgomba yawe mbolea."

Mgeni, kwa aibu, akachomoa kwenye pochi mfuko wa plastiki, ule uliopigwa marufuku. "Basi chukua huu badala yake."

Mama akaushika kwa ncha za vidole viwili, akamrudishia. "Huu ukichanika, niupeleke wapi?"

Wauza samaki wakapiga vigelegele. Mimi niliyekuwa pembeni nikavimba kifua kana kwamba yule mama ni shangazi yangu. Majani yakafunguliwa, mama akayapokea kwa mikono miwili: "Ndaga fijo, asante sana."

Redioni wataalamu wanatufafanulia sera ya uchumi rejelezi, kwamba kitu kitumike tena na tena. Sera nzuri, karibuni nayo. Ila mkifika Lyulilo pigeni hodi, mnaingia kwa wenyewe.