Ncha ya Pili ya Shuka

Mwalimu aliisoma kazi ya Karani kwa sauti ya kikongwe, na hilo ndilo lililomchoma. Angeisoma kwa sauti yake mwenyewe, na makosa yake yote, Karani angenyamaza akaandika masahihisho pembeni kama wenzake. Lakini mwalimu alilegeza midomo, akautetemesha mkono juu ya meza, akasema, "Nilihisi... mzimu... umenivutia shuka," na darasa zima likaangua kicheko. Hata daktari wa meno aliyekaa mbele, mtu mzima mwenye wajukuu, alijifunika uso kwa daftari huku mabega yakimtikisika.

"Usinune, mama," mwalimu alisema akifuta miwani. "Ni kazi nzuri. Mhojiwa wako ametaja mzimu mara tisa katika kurasa sita! Mada imejitangaza yenyewe." Akageukia ubao, akaandika kwa herufi kubwa: HOFU NA USHIRIKINA KWA WAFANYAKAZI WASIOSOMA.

"Amesoma," Karani alisema.

"Nani?"

"Mhojiwa wangu. Alimaliza darasa la saba, na anasoma maandishi ya kwenye madebe ya dawa ya kufulia vizuri kuliko waliomletea. Na hana hofu."

"Basi labda hofu ni yako," mwalimu alijibu kwa upole, na darasa likacheka tena.

Mhojiwa huyo, ambaye kwenye karatasi aliitwa Mhojiwa wa Nne, alikuwa shangazi yake.

Karani alikuwa na miaka arobaini na sita. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza katika masjala ya hospitali, chumba kilicho chini ya ngazi, ambako wagonjwa humfikia mtu wakiwa tayari wamekuwa karatasi. Aliyepona faili lake lilirudi rafu ya kushoto. Aliyekufa lilihamia ya kulia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna fomu yenye pengo, kwa kuwa fomu yenye pengo hurudishwa, na anayerudishiwa fomu huonekana mzembe. Kwa hiyo alijifunza kujaza. Jina la baba halikuandikwa? Angalia la mtoto. Saa ya kufika haikuandikwa? Kisia kwa saa ya daktari. Mkono wake ulijaza mapengo kabla akili haijauliza.

Lakini alijua kuwa yapo yasiyoingia katika fomu yoyote. Msukuma machela alikuwa hapiti mlango wa wodi namba tatu bila kupiga hodi, hata wodi ikiwa tupu. Mfagizi mmoja aliwahi kuombwa maji na mgonjwa ambaye kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya tangu asubuhi. Watu wazima, wenye akili zao timamu, waliyasimulia haya kwenye foleni ya chai, kisha wakamaliza kwa kusema, "Lakini usinitaje." Hayo maneno ya mwisho yalimkera Karani kwa miaka mingi. Kwa nini mtu aombe radhi kwa jambo lililompata?

Ndiyo maana chuo kilipotangaza kozi ya alasiri ya utafiti wa maelezo, ule usiohesabu watu bali unaowasikiliza, alijiandikisha siku hiyohiyo. Shemeji yake alicheka mpaka akapaliwa. "Umekosa cha kusomea, unakwenda kuchukua shahada ya majini?"

"Na wewe utakuwa mhojiwa wa kwanza," alimjibu.

Siku ya kwanza mwalimu alisema maneno ambayo Karani aliyaandika kwenye jalada la daftari. Usimuulize mtu kama ni kweli, muulize ilikuwaje. Ukishauliza, nyamaza. Andika alichosema, hata kikohozi. Kisha mrudishie maneno yake ayasikie, maana ni yake. Karani alitoka darasani siku ile kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana. Na sasa mwalimu huyohuyo, kwa kinywa hichohicho! Kweli kinyozi hajinyoi.

Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa dobi katika hospitali hiyohiyo, na alikubali kuhojiwa kwa sharti moja. "Mtoto wa kaka, mimi nitasema. Ila usije ukanifanya kichekesho cha watu."

"Siwezi, shangazi."

"Wasomi mnaweza mengi."

Usiku ule Karani hakulala vizuri, na kesho yake, saa ya chakula, alijifungia masjala akavaa visikizi. Alitaka kuhesabu. Aliapa kwamba shangazi yake hakutaja mzimu mara tisa. Labda mbili. Angekwenda na hesabu hiyo kwa mwalimu na kumpiga nayo usoni.

Mashine za kufulia zilinguruma kwa mbali. Sauti ya shangazi ikaanza: "Basi siku ile niko peke yangu. Mwenzangu ana mwezi tangu tumzike. Nikashika shuka..." Kikafuata kimya. Kabla kimya hakijakomaa, ikadakia sauti nyingine, kali, yenye haraka ya mtu wa ofisini: "Ikavutwa? Yaani mzimu ulikuvutia shuka?"

"Mm," shangazi alisema.

"Huo mzimu ulisimama upande gani?"

"Upande wake."

Karani alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Alifika mwisho, akaanza mwanzo. Neno lilikuwemo mara tisa, na mara zote tisa lilitoka kinywani mwake yeye. Na ile sentensi iliyochekesha darasa haikusemwa na mtu yeyote. Shangazi alisema "Mm". Karani, alipokuwa akinakili majibu bila maswali, aliona pengo, na mkono wake ukafanya ulivyozoea.

Alivua visikizi. Hasira aliyokuja nayo haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa na watu wawili wa kuangukia, na mmoja alikuwa karibu zaidi.

Chumba cha dobi kilikuwa cha moto, kuta zikitoka jasho. Shangazi alikuwa mbele ya rundo la shuka safi, mikono imevimba kwa maji ya miaka. Karani alimweleza yote, hata ubao, hata sauti ya kikongwe.

Shangazi alimaliza kwanza kupanga foronya.

"Aliniigiza?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa na meno au sina?"

"Shangazi, tafadhali. Kosa ni langu. Lile neno nilikupa mimi."

"Najua. Nilikusikia. Nikasema moyoni, huyu kaja kuuliza au kujibu? Lakini ulikuwa umevaa gauni zuri, nikaona nisikuharibie." Akamtupia ncha za shuka. "Shika. Chuoni hamfundishwi kufanya kazi huku mnaongea?"

Karani alishika. Shangazi alivuta upande wake, shuka ikanyooka kati yao kama ngozi ya ngoma. Wakasogeleana, ncha kwa ncha, wakaachana. Shuka ya tatu ndipo Karani alipokiweka kinasa sauti juu ya meza, akaomba ruhusa upya, akauliza neno moja tu.

"Ilikuwaje?"

Kisha akauma ulimi. Kimya kikaja. Kila pengo alilowahi kujaza maishani lilimwasha vidoleni. Alivuta shuka, akakutana na shangazi katikati, akaachana naye, hakusema.

"Shuka ya hospitali si kazi ya mtu mmoja," shangazi alianza hatimaye. "Ni nzito, inaburura. Mimi na marehemu, yule fundi cherehani wetu, miaka kumi na tisa tumekutana katikati namna hii. Hatukuwa hata marafiki sana. Alikuwa na maneno yule! Siku ile niko peke yangu. Nikashika ncha zangu, nikavuta, kwa mazoea tu. Ikavutika. Ikanyooka hivi."

Akanyamaza. Maji yalidondoka mahali fulani kwenye bomba.

"Nikaenda katikati. Nikazikuta ncha zile mbili juu, usawa wa kifua. Nikazipokea. Nikachukua shuka nyingine, nikavuta. Ikaanguka sakafuni." Alikung'uta mikono. "Basi. Mara moja. Nikazikunja zote zilizobaki nikingoja mara ya pili. Haikuja. Sasa huyo mwalimu wako anasema niliogopa. Niogope nini? Mimi niliona uchungu kwamba haikurudi."

Siku mbili baadaye Karani alimsomea nakala mpya, neno kwa neno. Shangazi alisikiliza amefumba macho, akamsimamisha mahali pamoja.

"Hapo umeandika nilifuta machozi."

"Nilikuona, shangazi."

"Nilifuta uso. Kulikuwa na mvuke. Toa."

Karani akafuta.

Darasani, mwalimu alinyoosha mkono kuipokea karatasi. Karani hakuitoa.

"Leo nitasoma mwenyewe," alisema. "Kwanza niseme kosa langu. Neno mzimu niliingiza mimi, na sentensi mliyoicheka niliitunga mimi. Kama kuna ushirikina humu, ni wa masjala. Pili, mwalimu, mtu huyu sauti yake haitetemeki. Ulimwongezea. Mimi nilimwongezea neno, wewe ukamwongezea uzee, na sote wawili tumesomea kutoongeza."

Daktari wa meno aliacha kuchezea kalamu.

Karani alisoma. Alipofika mahali palipoandikwa "kimya, sekunde kumi na nne", alinyamaza. Sekunde tano. Mtu akakohoa. Sekunde tisa. Mwalimu alifungua mdomo, Karani akamtazama, akaufunga. Zilipotimia aliendelea, mpaka mwisho, na hapakuwa na aliyecheka.

"Vizuri," mwalimu alisema, akitafuta mahali pa kuweka mikono. "Lakini mama, tuambie basi. Kulikuwa na mtu upande wa pili, au hapakuwa na mtu?"

"Sikumuuliza hilo. Nilimuuliza ilikuwaje. Ni wewe uliyenifundisha."

"Kazi bila hitimisho inapungukiwa alama."

"Ipungukiwe."

"Na kichwa cha kazi?"

"Nilimuuliza mwenyewe. Alisema niandike Kukunja Shuka."

Mwalimu aliandika kitu kwenye orodha yake. Ubaoni, chini ya somo la juzi lililofutwa nusu, maneno HOFU NA USHIRIKINA bado yalionekana, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua. Karani alikwenda mbele, akachukua kifutio, akayafuta herufi moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka alipomaliza. Kisha akaondoka na karatasi yake. Vumbi la chaki lilimkaa kwenye mikono ya gauni lile zuri, na njia nzima hadi nyumbani hasira ilikuwa bado haijampoa.