Laptop Iliyopimwa Kama Maksai

Juzi, kwenye duka la kompyuta hapa Bariadi, mzee mfugaji alikuwa akimnunulia binti yake laptop ya gemu. Aling'ang'ania ile nene, yenye prosesa ya kompyuta ya mezani. "Hii ndiyo ina nguvu!" Binti alitaka nyembamba, yenye prosesa ya laptop, maana kwao umeme hukatika.

"Baba, wewe unanunuaga maksai kabla hajavuta plau?"

Mzee akakuna kidevu. Binti akachomoa chaja zote mbili, akafungua gemu ileile moja kwenye laptop zote mbili. Ile nene ikavuma kama mashine ya kusaga, ikachemka, ikazima. Nyembamba iliendelea kukimbiza magari. Binti akarusha ngumi juu, duka zima tukashangilia.

Nje, mzee akiwa ameibeba ile nyembamba, akamtambia dereva wa bodaboda: "Umeona laptop niliyochagua?"

Sisi akina baba tunashindaga hivyo.